Ukurasa mmoja kwa siku, na mwaka unaozunguka

Kitabu cha hekima ya kila siku kinafanana na vitabu vingine kwa jalada tu. Riwaya ina mwisho unaokuvuta. Kitabu cha shule kina mtihani unaokusukuma. Hiki hakina kimoja wala kingine, kina tarehe. Tarehe 7 Novemba ina ukurasa wake, na mwakani tarehe hiyohiyo utarudi kwenye ukurasa uleule. Wanaokwama, na wengi hukwama kabla ya Pasaka, hukwama kwa sababu wanakisoma kama safari ya kutoka Januari kwenda Desemba, na wakikosa kurasa tano wanajiona wameachwa na basi. Basi halijaondoka. Ni la mzunguko, litapita tena.

Aliyelielewa jambo hili mapema ni Lev Tolstoy, yule mwandishi wa Urusi. Mwezi Machi 1884 aliandika katika shajara yake kwamba anahitaji kujitengenezea mzunguko wa kusoma, akawataja aliotaka wawemo: wanafalsafa wa kale Epictetus na Marcus Aurelius, Lao Tzu wa Uchina, Buddha, Pascal wa Ufaransa, na Agano Jipya. Ikapita karibu miaka 20. Mwanzoni mwa 1903, akiwa mgonjwa nyumbani kwake Yasnaya Polyana, alikuwa akisoma semi zilizochapwa kwenye kalenda ya ukutani, ile ya kuchana karatasi moja kila siku. Humo ndimo lilimozaliwa wazo la kukusanya semi zake mwenyewe, siku kwa siku, na mkusanyiko wa kwanza ukatoka mwaka huohuo. Kuanzia 1904 akaupanua, na mkubwa zaidi, alioupa jina lilelile la Mzunguko wa Kusoma, ukachapishwa mwaka 1906. Hakuishia hapo. Aliendelea kuupanga upya hadi mwaka wake wa mwisho, 1910, na mkusanyiko mmoja wa baadaye aliupanga ili mada zirudi kila mwezi badala ya kusubiri mwaka.

Angalia jinsi ukurasa wake ulivyojengwa, maana humo mna somo zima la ufundi. Siku inafunguliwa kwa wazo moja fupi. Zinafuata nukuu kadhaa za watu walioishi mbalimbali kwa karne na kwa dini, wote wakizungumzia jambo moja. Siku inafungwa kwa maneno machache yanayolirudisha jambo kwenye matendo. Kisha kila mwisho wa wiki pana kisomo kirefu: hadithi au makala, 52 kwa mwaka. Baadhi ya hadithi hizo aliziandika yeye mwenyewe kwa ajili ya kitabu hicho, na hata hadithi moja ya Chekhov, mwandishi mwenzake wa Urusi, imo. Tafsiri ya Kiingereza iliyosambaa zaidi tangu 1997 iliziacha hizo hadithi za wiki, ndiyo maana wasomaji wengi wa leo hawajui kwamba mpango wa awali ulikuwa siku sita za kuonja na siku moja ya kula. Nukuu peke yake hazishibishi, na mwenyewe alilijua hilo.

Miaka 175 hivi kabla yake, wazo hili lilikuwa limekwisha kupata miguu mahali pengine. Jioni ya tarehe 3 Mei 1728, katika kijiji cha Herrnhut mashariki ya Ujerumani, Nikolaus Ludwig von Zinzendorf aliwapa waumini wenzake, Wamoravian, neno moja la kwenda nalo hadi kesho yake. Tangu hapo neno la siku likawa linapelekwa kila asubuhi nyumba kwa nyumba, nyumba 32 kwa jumla. Mwaka 1731 kikachapwa kitabu cha kwanza cha mwaka mzima, na tangu hapo hakijakosa mwaka. Aya ya Agano la Kale hupatikana kwa kura, ikichomolewa kutoka katika hazina ya aya zaidi ya 1,800. Aya ya Agano Jipya huchaguliwa na wahariri ili ijibizane na ile ya kwanza. Kisha hufuata ubeti wa wimbo au sala. Wamisionari wa Moravian walifika Rungwe mwaka 1891, na leo Tanzania ndiyo yenye Wamoravian wengi kuliko nchi nyingine yoyote, kwa hiyo nyumba nyingi za Mbeya, Rungwe na Tabora zimeizoea kalenda hii kwa Kiswahili kama zinavyoizoea chumvi mezani.

Pwani nako kuna neno la usomaji wa namna hii, na naliona zuri kuliko neno kalenda. Ni uradi. Uradi ni kisomo ambacho mtu amejiwekea, kwa kiasi kilekile, wakati uleule, siku zote. Ratib ya Imamu Abdallah bin Alawi al-Haddad wa Hadhramaut, aliyeishi 1634 hadi 1720, husomwa Lamu, Mombasa na Unguja, na hujasikia mtu akilalamika kwamba jana ilisomwa hiyohiyo. Ile ni dhikri, si mkusanyiko wa nukuu, lakini tabia inayotakiwa ni moja: kurudia bila kuchoka na bila kutafuta kipya. Mwana Kupona binti Msham, akimwandikia bintiye wasia mwaka 1858, hakumwambia asome tu. Alimwambia "upulike wasiati, asa ukazingatia." Kupulika ni kusikiliza. Na kuzingatia, ukilitegea sikio, ndani yake mnasikika kuzinga, yaani kuzunguka, kama linavyosikika katika mazingira. Neno unalolizingatia unalizunguka, na lenyewe linakuzunguka.

Kuanza

Kuchagua kitabu kusikupotezee wiki. Pima mambo matatu tu. Kwanza, ukurasa wa siku usomeke kwa sauti ndani ya dakika mbili au tatu. Ukizidi hapo, siku ya shughuli utaukimbia. Pili, kiwe na ukurasa wa tarehe 29 Februari, maana hiyo ni dalili kwamba aliyekipanga alifikiria mzunguko. Tatu, na hili ndilo kubwa, nukuu ziwe na anuani: jina la mwandishi, kitabu, sura. Kitabu kinachokupa "Marcus Aurelius" bila namba, au "hekima ya Kichina" bila mwandishi, kitakuja kukusumbua, na nitaeleza kwa nini.

Usisubiri tarehe 1 Januari. Mzunguko hauna mlango mmoja. Fungua ukurasa wa leo uanze leo.

Chukua kitabu kimoja. Seneca, mwanafalsafa wa Roma ya kale, katika barua ya 2 kwa rafiki yake Lucilius, anasema aliye kila mahali hayupo popote, na kwamba mche unaohamishwa mara kwa mara haupati nguvu, wala kidonda hakiponi dawa zikibadilishwa kila siku. Sisi husema mshika mbili moja humponyoka. Mtu mwenye mikusanyiko mitatu kando ya kitanda, na programu mbili za nukuu kwenye simu, atasoma maneno mengi sana na hatabaki na lolote la kutembea nalo hadi jioni.

Saa ya kusoma haiwekwi hewani, inashikizwa kwenye jambo unalolifanya tayari. Baada ya sala ya alfajiri, kabla hujanyanyuka. Au wakati maji ya chai yako jikoni: unawasha moto, unafungua kitabu, maji yakichemka umemaliza. Usiku kabla ya kulala acha kitabu wazi kwenye ukurasa wa kesho, mahali pale utakapokaa, na alamisho juu yake. Hatua ya kukitafuta kitabu ndiyo inayoua asubuhi nyingi. Ndani ya daladala au matatu sipashauri, si kwa sababu ya kelele, ila kwa sababu hutaweza kuandika. Simu vilevile: neno la siku likiingia kati ya ujumbe wa malipo na picha za harusi, jicho linalipitia kama linavyopitia vingine.

Soma mara mbili. Mara ya kwanza kimyakimya, kwa mwendo wako wa kawaida. Mara ya pili kwa sauti, polepole, hata kama ni kunong'ona. Mara ya pili ndiyo inayofichua sentensi uliyoiruka. Kisha chagua moja. Ukurasa wa Tolstoy unaweza kuwa na nukuu sita. Huwezi kuondoka na zote sita. Katika barua ileile Seneca anashauri kwamba kati ya mengi uliyosoma siku hiyo utoe jambo moja la kumeng'enya siku hiyo. Moja, wala si mawili.

Daftari

Hapa ndipo kazi ilipo, na hapa nitakaa kidogo.

Nunua kaunta buku ya kwaya nne. Ina kurasa 384. Mwaka mrefu una siku 366, kwa hiyo unabakiwa na kurasa 18, nazo zina kazi yake. Kabla hujaandika hekima yoyote, kaa jioni moja uandike tarehe juu ya kila ukurasa, kuanzia 1 Januari hadi 31 Desemba, bila kuandika mwaka. Usiruke 29 Februari. Kisha chukua rula, gawa kila ukurasa sehemu tatu kwa mistari miwili ya kulala. Sehemu ya juu ni ya mwaka huu, ya kati ni ya mwakani, ya chini ni ya mwaka wa tatu. Kama kurasa zote 366 ni nyingi kwa mkupuo, gawa za mwezi mmoja mmoja. Lakini tarehe ziandike zote siku hiyo ya kwanza.

Kwa nini tarehe ziandikwe mapema? Kwa sababu kosa linalovunja madaftari mengi ni kuandika mfululizo. Mtu anaandika leo, anakosa siku nne, anaendelea kwenye ukurasa unaofuata kama kwamba hakukosa. Mwaka wa pili tarehe hazikutani tena: ukurasa wa Machi umekaa mahali pa Februari, na huwezi kujisoma mwaka jana na mwaka huu pamoja. Ukiwa na tarehe tayari, siku uliyokosa inabaki sehemu tupu. Iache tupu. Mwakani utaiona, na utupu wake utakueleza kitu: msiba, safari, mtoto mgonjwa, au uvivu tu.

Tumia peni ya kawaida. Peni ya maji hupenya karatasi na kuharibu ukurasa wa nyuma yake.

Katika sehemu ya siku andika mambo manne. Mwaka. Sentensi uliyoichagua, neno kwa neno, kwa mkono wako. Anuani yake. Halafu mstari mmoja wenye maneno mawili mwanzoni: "Mimi je?"

Maneno hayo mawili hayakuokotwa. Lucilius alimwomba Seneca aendelee kumalizia barua zake kwa nukuu za wanafalsafa, kama alivyokuwa akifanya katika zile za mwanzo. Katika barua ya 33 Seneca alikataa. Kukariri vijisemi, anasema, kunamfaa mtoto. Kwa mtu mzima ni aibu kuwa na busara ya daftarini. Mwanafalsafa Zeno kasema hili, wewe wasemaje? Hii ndiyo hoja nzito kuliko zote dhidi ya vitabu vya nukuu, imeandikwa na mtu ambaye leo ananukuliwa karibu katika kila kimoja, na hakuna namna ya kuikwepa isipokuwa kuijibu kila siku kwa mstari mmoja wako mwenyewe.

Mstari huo una sharti: utaje kitu cha leo. Mtu, saa, mahali, au kiasi. Tuseme kisomo ni cha hasira. "Nitakuwa mvumilivu" haufai, kwa sababu jioni huwezi kujua kama ulitimia. "Fundi akiwa hajamaliza kabati saa kumi, nitamuuliza swali moja kabla ya kulaumu" unafaa. Jioni unautazama na kuweka alama ya vema au mkato. Hakuna maelezo marefu. Ukianza kujaza nusu ukurasa umeshahama kutoka kwenye uradi kwenda kwenye shajara. Shajara ni kitu kizuri, lakini ina daftari lake.

Zile kurasa 18 za mwisho ni faharasa. Zigawe kwa mada: ulimi, mali, hasira, kifo, kazi, wazazi na watoto, usingizi na afya, ibada, na nyingine zitakazojitokeza zenyewe. Chini ya kila mada andika tarehe tu. Siku ya msiba hutakuwa na akili ya kutafuta kitabu kizima. Utafungua mada ya kifo na kukuta tarehe kumi na mbili zinakungoja.

Ukikosa

Kanuni ni fupi: usilipe deni. Ukikosa siku moja au siku 40, fungua ukurasa wa leo. Anayelipa deni anasoma kurasa tano kwa mkupuo, na kurasa tano za mada tano tofauti huzimana. Mwaka ujao zile tano zitakujia zenyewe kwa tarehe zake. Kusoma mbele nako ni kosa hilohilo limegeuzwa. Chovya chovya humaliza buyu la asali, na asali ya buyu hili ilipimwa kidole kimoja kwa siku.

Siku ya saba ni ya kisomo kirefu. Chagua nukuu moja kati ya sita za wiki, uende ilikotoka. Kama ni Seneca, soma barua yote. Nyingi humalizika kwa dakika kumi hadi ishirini. Kama ni Epictetus, kile kitabu kidogo kilichokusanywa na mwanafunzi wake Arrian kinasomeka chote mchana mmoja. Kama ni aya ya Mithali, soma sura nzima. Kama ni aya ya Qur'ani, soma zilizo kabla na baada yake, na tafsiri yenye maelezo. Humo ndimo utakamogundua kwamba nusu ya nukuu zina maana nyingine zikiwa kwao.

Sentensi moja kwa karibu

Kuna nukuu inayozunguka sana kwenye mitandao kwa jina la Marcus Aurelius, na kwa Kiswahili hufasiriwa hivi: furaha ya maisha yako inategemea ubora wa fikira zako. Hakuna anuani. Ukiitafuta, mahali panapofanana nayo ni Kitabu cha 5, kifungu cha 16, katika vile vitabu 12 alivyojiandikia kwa Kigiriki. Lakini pale hakusema furaha, wala ubora. Alisema kitu hiki, kwa Kiswahili changu: jinsi zilivyo fikira unazozirudia mara nyingi, ndivyo itakavyokuwa akili yako, maana nafsi huchovywa rangi na fikira zake.

Kuchovywa. Kitenzi alichotumia ni cha wapaka rangi vitambaa. Anayejua batiki anajua kwamba kitambaa hakikolei kwa kutumbukizwa mara moja: kinaingia, kinatoka, kinakauka, kinarudi, na kila mara rangi inazama zaidi. Na neno "mara nyingi" limo katika sentensi yake yenyewe. Ile ya mitandaoni imeyafuta yote mawili, rangi na marudio, ikabaki ahadi ya furaha. Sentensi iliyokuwa maelekezo ya kazi imegeuka kuwa pambo.

Tena hakuiacha hewani. Anaendelea papo hapo: ichovye basi katika fikira kama hizi, kwamba panapowezekana kuishi, panawezekana pia kuishi vema; kuishi katika jumba la mfalme kunawezekana; basi hata humo yawezekana kuishi vema. Huyu ni mfalme wa Roma anayejifariji kwa kuwa anakaa ikulu. Mkono unaoiandika sentensi hii kwenye kaunta buku, nyumba ya kupanga, watoto watatu chumba kimoja, unaweza kuweka mahali pake badala ya jumba lake, na hoja isipungue kitu. Hutalipata hilo bila kwenda kwenye anuani.

Ninaposisitiza anuani simlaumu Tolstoy, ingawa yeye ni mfano wa hatari yenyewe. Katika dibaji yake alisema wazi kwamba mawazo mengi aliyafasiri kupitia lugha nyingine, akayafupisha na hata kubadili maneno pale alipoona yatawafaa wasomaji, na akaeleza pia kwamba yasiyo na jina mengine ni yake. Lengo lake halikuwa tafsiri sahihi, lilikuwa kuamsha fikira njema kwa wasomaji wengi. Kwa hiyo unaposoma kwa Kiingereza maneno ya Lao Tzu kutoka katika kitabu chake, huenda yametoka Kichina yakapita lugha moja ya Ulaya, yakaingia Kirusi, ndipo yakakufikia. Asubuhi yasome yalivyo, yana nguvu yake. Siku ya saba yatafutie kwao. Yasiyopatikana, andika pembeni "hayana kwao," na usimtwike mtu jina.

Kazi hii ina faida nyingine kwa sisi tunaosoma hekima nyingi kwa lugha ya kigeni: fasiri sentensi ya siku kwa Kiswahili kabla ya kuiandika. Sentensi isiyokubali Kiswahili chepesi mara nyingi haikuwa na kitu ndani. Na ile iliyo na kitu itakulazimisha uchague, kama hapo juu, kati ya kupaka, kutia na kuchovya, na katika kuchagua utakuwa umeielewa.

Makosa matatu yanayofanana na ibada

La kwanza ni kupiga ramli. Mtu ana safari, anafungua neno la siku, anaona habari ya bahari, anaahirisha. Kura ya Herrnhut hupigwa takriban miaka mitatu kabla ya mwaka wenyewe, na aya moja huenda kwa nchi nyingi, kwa mgonjwa na kwa bwana harusi siku hiyohiyo. Haikuja kukutabiria. Imekuja kukuuliza, na kila anayeulizwa ana jibu lake.

La pili ni kupenda kinachokupendeza. Fungua faharasa baada ya miezi mitatu. Ukiona mada ya "watu wabaya" ina tarehe ishirini na mada ya "ulimi wangu" ina mbili, umekuwa ukichagua sentensi za kuwapiga wengine. Dawa ni rahisi ingawa ni chungu: kwa mwezi mmoja, chagua kila siku ile sentensi ambayo ungependa kuiruka.

La tatu ni kusambaza kabla ya kumeza. Picha yenye nukuu na machweo ya jua inatumwa kwenye kundi la familia saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na aliyetuma amekwisha kuisahau saa moja. Kama mnasoma pamoja, na kusoma pamoja ni jambo jema sana, mzee au kijana mmoja asome kwa sauti nyumbani, wengine wanyamaze, pasiwe na mahubiri. Jioni kila mmoja aseme mstari wake wa "Mimi je?" kama anataka. Kwa walio mbali, tuma anuani tu, mathalani "Kitabu cha 5, 16," na kila mtu akasome mwenyewe. Atakayesoma atasema jioni.

Kujitengenezea wako

Ukikosa mkusanyiko wa Kiswahili unaokuridhisha, tengeneza. Usianze na siku 365. Utajaza takataka kuanzia mwezi wa tatu. Anza na kilichokwisha gawanywa na wenyewe. Mithali ya Suleimani ina sura 31, moja kwa kila siku ya mwezi mrefu. Qur'ani ina juzuu 30. Utendi wa Mwana Kupona una beti 102 hivi: beti mbili kwa wiki zinakufikisha mwisho wa mwaka. Kitabu kidogo cha Epictetus kina vifungu 53, kimoja kwa wiki. Hikam, yaani semi za hekima, za Ibn Ataillah wa Iskandaria, aliyefariki 1309, ni zaidi ya 260: tano kwa wiki, siku mbili za kupumzika, mwaka umejaa. Baada ya mwaka mmoja wa mojawapo ya hizi utakuwa na mkono wa kuchagua, na ndipo uanze kuchanganya, kama alivyofanya Tolstoy, ambaye kati ya wazo na kitabu aliweka karibu miaka 20.

Mwaka wa pili

Siku ya kwanza ya mzunguko wa pili, fungua kaunta buku kwenye tarehe ya leo na ufunike sehemu ya juu kwa kiganja au kwa karatasi. Hili ni la lazima, kwa sababu jicho likiona ulichochagua mwaka jana litakichagua tena kwa uvivu. Soma ukurasa wa kitabu mara mbili, kimya na kwa sauti. Chagua sentensi. Andika mwaka, maneno, anuani, na "Mimi je?" yako katika sehemu ya kati. Weka peni chini. Sasa ondoa kiganja.

Mara nyingine sentensi ni ileile, na mstari wa chini yake ndio uliobadilika: mwaka jana uliandika jina la bosi, mwaka huu la mtoto wako. Mara nyingine umechagua nyingine kabisa, na ile ya mwaka jana huelewi ilikupendea nini. Na zipo tarehe ambazo sehemu ya juu ni tupu. Hapo andika juu, kwa herufi ndogo, kilichokuwa kimetokea, kama unakikumbuka. Sehemu ya chini bado nyeupe. Funga daftari, mimina chai.